Askari wa e5 anayetolewa bure: gambiti ipi ya Mweusi inasimama?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nipo mwaka wa pili chuo hapa Dodoma, na sataranji nimejifunzia kwenye simu. Mweupe akianza na d4, mimi najibu e5 na kumwachia askari. Video niliyoiona inaiita gambiti ya Englund, yaani kutoa askari makusudi ili upate faida nyingine. Kwenye michezo ya dakika 3 nimewamaliza watu wengi kwenye hatua ya nane tu. Jumamosi iliyopita nilikaa na mzee mmoja wa Area C, tukacheza kwa muda mrefu bila haraka. Nilipokula askari wake wa b2 kwa malkia, hakuweka askofu c3 kama wengine. Akatoa farasi c3, akaendelea na chai yake, na kabla ya hatua ya thelathini nikasalimu amri. Mwezi ujao nina mashindano ya dakika 60 kwa kila mchezaji. Rafiki yangu mmoja anasema gambiti kwa Mweusi ni kujichimbia kaburi, mwingine anasema gambiti ni nzuri, mimi ndiye niliyekosea. Je, gambiti hii ni salama? Na nitajuaje mwenyewe ipi inasimama na ipi haisimami?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Swali lako la kwanza jibu lake ni fupi: haisimami, na mzee wa Area C hakubahatisha. La pili ndilo lililonikalisha kitako, kwa sababu kijana akishajua kuipima gambiti moja kwa mikono yake mwenyewe, hahitaji tena kuuliza video wala kuniuliza mimi.

Tandika ubao tuanze na hiyo yako; d4, e5 na nyingine kama hizo ni majina ya miraba, herufi kwa njia ya wima na namba kwa mstari. Mweupe d4, wewe e5. Anakula e5. Unatoa farasi c6, naye farasi f3 kumlinda askari wake. Unaleta malkia e7 kumbana tena huyo askari, anamkinga kwa askofu f4. Sasa malkia wako anaruka b4 na kumpa mfalme cheki, huku akimtazama askofu wa f4 na askari wa b2 kwa wakati mmoja. Anarudisha askofu d2, unakula b2. Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Wanaona malkia wako kaingia ndani, wanaona ngome yao ya a1 inatishwa, wanaharakisha askofu c3 kumfukuza. Wewe unaweka askofu b4, na askofu wao wa c3 hawezi tena kumla malkia wako wa b2 kwa kuwa nyuma yake yupo mfalme. Wanamkinga kwa malkia d2, unakula c3, malkia wao anakula, nawe unateremsha malkia c1: mati, yaani mfalme hana tena pa kukimbilia, hatua ya nane. Wakila c3 kwa farasi badala ya malkia, unachukua ngome ya a1 pamoja na cheki. Mtego ni mzuri kweli, na sishangai ulivyokuvutia.

Sasa rudi nyuma hatua tatu, mahali ulipokula b2, umpe Mweupe farasi c3. Ngome ya a1 sasa inalindwa na malkia wake. Unaweka askofu b4 kama ulivyozoea. Anasogeza ngome b1, malkia wako anakimbilia a3. Ngome b3, malkia anakimbia tena, a5. Simama hapo, usichezee kete yoyote. Nakuomba ufanye kitu ambacho video nyingi hazifanyi: hesabu.

Askari kwanza. Yeye ana saba, wewe una saba. Uliyemtoa umemrudisha, kwa hiyo kwa hesabu ya duka hamdaiani. Sasa hesabu hatua. Umecheza nane, na katika hizo nane, tano ni za malkia peke yake: e7, b4, b2, a3, a5. Hatua tano za kumtembeza malkia kutoka nyumbani kwake mpaka kwenye kona ambako hana kazi yoyote. Upande wa pili, kila mara ulipomhamisha, Mweupe alikuwa akitoa kete: farasi wawili wako nje, askofu yuko d2, ngome iko b3 na tayari inafanya kazi. Anakaribia kusukuma a3 kumuuliza askofu wako anaelekea wapi, na e4 inamsubiri ili aiteke katikati yote. Mfalme wako bado yuko e8, na farasi wako wa g8 hajajua kama mchezo umeanza. Hapo ndipo ulipopotelea. Hatua ya ishirini na kitu unayoikumbuka ilikuwa mazishi tu.

Kwa hiyo yule rafiki anayesema ulikosea wewe, mwambie kwamba baada ya farasi c3 hukufanya kosa kubwa. Kosa lilikuwa ndani ya mpango wenyewe.

Nadhani najua mazoea haya yametoka wapi, maana na mimi nilikulia kwenye vijiwe vya drafti kabla sijagusa sataranji. Kwenye drafti ukimsogezea mwenzako kete, hana hiari: ni lazima ale. Ndiyo maana fundi wa drafti anaweza kukulisha moja, akakulisha ya pili, halafu akapita na kete zako tatu na kuingia kingi, na watu wote kijiweni wanapiga kelele. Mtego wa drafti ni amri. Kwenye sataranji hakuna anayelazimishwa kula. Mpinzani anaweza kula, anaweza kukataa, na anaweza kula kisha akakurudishia wakati anaoutaka yeye. Ukiipima gambiti ya sataranji kwa jicho la drafti utaiona kila mara inafanya kazi, kwa sababu kichwani mwako mpinzani anafuata amri. Mzee wa Area C hakufuata amri.

Kuna jambo jingine ambalo ni la Mweusi peke yake. Mweupe ndiye anayeanza, kwa hiyo Mweusi yuko nyuma hatua moja tangu mwanzo. Anapotoa askari, anakopa juu ya deni. Ndiyo maana wazo lile lile linaweza kusimama likichezwa na Mweupe na kuanguka likichezwa na Mweusi. Chukua gambiti ya mfalme, ile ya e4, e5, kisha Mweupe f4. Watu wameicheza kwa karne kadhaa na bado ina heshima yake. Igeuze sasa: e4, e5, Mweupe anatoa farasi f3, na Mweusi ndiye anayesukuma f5. Hiyo inaitwa gambiti ya Latvia. Ni wazo lile lile, isipokuwa Mweupe ana farasi aliyekwisha kutoka na tayari anamtazama askari wa e5. Farasi huyo mmoja anabadilisha hukumu nzima. Mweupe anamla huyo wa e5, na Mweusi mwenye njia ya f iliyofunguka anabaki akimwangalia mfalme wake mwenyewe. Mimi siipendekezi kwa mtu yeyote anayecheza saa ndefu.

Je, basi kila gambiti ya Mweusi ni kaburi, kama asemavyo rafiki yako wa kwanza? Hata kidogo. Na hapa nataka nikuonyeshe ndugu wa gambiti yako, anayefanana nayo kwa sura lakini tabia zao ni mbingu na ardhi. Mweupe d4, Mweusi farasi f6. Mweupe c4, Mweusi e5. Hii ni gambiti ya Budapest. Mwaka 1918 kule Berlin, Milan Vidmar aliicheza dhidi ya Akiba Rubinstein, ambaye wakati huo alikuwa miongoni mwa wachezaji wenye nguvu kuliko wote duniani, na akamshinda. Mweupe anakula e5, farasi wako anaruka g4 kumdai. Mweupe anamkinga kwa askofu f4, wewe farasi c6, yeye farasi f3, wewe askofu b4 pamoja na cheki, yeye farasi wa b1 anakuja d2, wewe malkia e7. Mweupe anasukuma a3 kumuuliza askofu wako. Badala ya kumwondoa, unakula e5 kwa farasi wa g4.

Hapa pia kuna mtego, tena mkali kuliko wako. Mweupe akishikwa na tamaa akala askofu wa b4, farasi wako anatua d3 na mfalme amekufa katikati ya watu wake. Askari wa e2 hawezi kumla farasi huyo kwa sababu malkia wako wa e7 anamtazama mfalme kupitia njia ya e. Kila upande wa mfalme kuna kete yake mwenyewe inayomzuia. Mara ya kwanza nilipoiona mati hiyo nilikaa nikiitazama kama mtu anayetazama picha.

Lakini tuseme Mweupe anaijua. Hamli askofu. Anakula farasi wa e5, unakula kwa farasi mwenzake, anasukuma e3, unabadilisha askofu wako na farasi wa d2, malkia wake anakula. Simama tena, hesabu tena. Askari saba kwa saba. Malkia wako amesogea mara moja tu, na yuko e7, mahali ambapo angekaa hata bila mtego. Farasi wako yuko katikati, mfalme wako anaweza kwenda mafichoni hatua inayofuata. Mweupe ana maaskofu wawili nawe umebaki na mmoja, kwa hiyo yuko mbele kidogo, kama Mweupe anavyokuwa mbele kidogo karibu kila ufunguzi. Mtego umeshindikana na wewe bado una mchezo.

Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza, na kama ukisahau mengine yote nakuomba ubaki nacho. Ondoa mtego. Mpe mpinzani jibu bora kuliko yote, kisha uutazame ubao na ujiulize: nimebaki na nini? Kwenye Budapest, hatua zinazokupeleka kwenye mtego ni hatua nzuri zenyewe. Mtego ni nyongeza, kama ile parachichi anayokutupia mama wa soko la Majengo ukinunua fungu. Kwenye Englund, hatua zina maana tu kama mwenzako atakosea. Akikataa kukosea, malkia wako amefanya matembezi ya bure.

Kipimo cha pili ni kuangalia kile ulichopata kitadumu muda gani. Kwetu huku mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili, na wakulima wengi wa uwele hupanda kwenye vumbi kabla mvua hazijakolea. Mbegu imeshatoka ghalani, hairudi. Mvua ikigonga mara moja na kukata wiki tatu, mche unachipua halafu unakauka, na hasara yake ni kubwa kuliko kama mbegu ingebaki kavu chini. Ukiishi na watu wanaopanda hivyo unajifunza kuuliza unyevu utakaa mpaka lini. Gambiti nyingi zinazosambaa kwenye video ni mvua ya siku moja. Unapata hatua mbili tatu za kutishia, mpinzani anazizima moja baada ya nyingine, na ukifika hatua ya kumi na tano umebaki na askari pungufu na jua kali.

Linganisha na gambiti ya Benko, iliyochukua jina la Pal Benko, ambayo wengine huiita Volga. Mweupe d4, Mweusi farasi f6, Mweupe c4, Mweusi c5, Mweupe anapita d5, na Mweusi anasukuma b5. Mweupe anakula, Mweusi anasukuma a6, Mweupe anakula tena. Mweusi kapoteza askari na hakuna mtego wowote wa maana. Hakuna mati ya hatua ya nane. Mtu wa video angeipita. Lakini tazama kilichobaki. Njia za a na b zimefunguka upande wa Mweusi, na ngome zake mbili zitakaa humo mchana kutwa zikiwatazama askari wa a2 na b2. Askofu wake atakwenda g7 na kutazama mshazari mrefu mpaka kwenye b2 hiyo hiyo. Askari wa Mweusi wote wameshikana, hakuna aliyebaki mpweke wa kushambuliwa. Na hili ndilo la ajabu lake: toa malkia wote wawili ubaoni, na Mweusi bado anabana. Mara nyingi huwa hata nafuu kwake. Kwa hiyo nakupa jaribio jepesi la kufanya kila mara: jifikirie malkia wamebadilishwa. Kama kila ulichokuwa nacho kimeondoka na malkia wako, ujue ulikuwa na vitisho tu, hukuwa na fidia.

Usinielewe vibaya, sisemi kila gambiti ya kushambulia mfalme ni mbovu. Shambulio la Marshall ni ushahidi. Linatoka kwenye ufunguzi wa Kihispania, pale Mweusi anapomficha mfalme wake na kisha, hatua ya nane, anasukuma d5 na kuacha askari wa e5 aliwe. Frank Marshall wa Marekani alilicheza mwaka 1918 kule New York dhidi ya José Raúl Capablanca. Capablanca akakubali, akala askari, akavumilia shambulio zito mbele ya mfalme wake, na akashinda kwa hatua 36. Ungekuwa shahidi siku ile ungesema gambiti imekufa na kuzikwa. Lakini watu walirudi ubaoni. Baada ya Mweupe kula e5 kwa ngome, Marshall alikuwa amerudisha farasi f6. Baadaye ikaonekana kwamba ni bora kumwacha farasi katikati, pale d5, na kumkinga kwa askari c6. Askofu anakuja d6 kuifukuza ngome, malkia anakwenda h4, na upande wa malkia wa Mweupe bado umelala wote: farasi b1, askofu c1, ngome a1. Mwaka 1965 Boris Spassky alilitumia dhidi ya Mikhail Tal kwenye fainali ya kumtafuta mpinzani wa bingwa wa dunia, naye Garry Kasparov, mtu asiyeogopa vita, mara nyingi alipokuwa Mweupe alichagua hatua za kulikwepa mapema. Mpaka leo wakubwa hawajapata njia ya kulivunja.

Nimekupa kisa hicho kwa sababu wewe umeipima gambiti yako kwa matokeo. Ulishinda mara nyingi kwenye simu ukaiamini, ukapigwa mara moja ukaanza kuitilia shaka. Marshall alipigwa na gambiti nzuri. Wewe ulishinda na gambiti mbovu. Matokeo ya mchezo mmoja, au hata ya michezo mia dhidi ya watu wenye haraka, hayakuambii ubao unasemaje.

Kuna kipimo cha tatu ambacho nilikilipia kwa machungu. Nilipokuwa na umri kama wako nilikuwa mshika dini wa gambiti ya Albin: Mweupe d4, Mweusi d5, Mweupe c4, Mweusi e5, Mweupe anakula e5, na Mweusi anapita d4. Nilikuwa najua mtego wa Lasker kama ninavyojua jina langu. Mweupe akicheza e3 bila kufikiri, Mweusi anatoa askofu b4 kwa cheki, Mweupe anakinga kwa askofu d2, Mweusi anakula e3, na Mweupe akila askofu wa b4, askari wa Mweusi anakula f2 kwa cheki, mfalme anapanda e2, na askari yule yule anakula g1 na kugeuka farasi, tena kwa cheki. Farasi, hakugeuka malkia! Nilisafiri na mtego huo mpaka kwenye mashindano, nikakutana na bwana mmoja mtu mzima, mpole, mwenye miwani. Hakucheza e3. Alitoa farasi f3, akasukuma g3, askofu g2, akamficha mfalme wake bila kusema neno. Mimi nikamficha mfalme wangu upande wa malkia, nikajiona bado nina askari wangu wa d4 kama mwiba kooni mwake. Ndipo alipofanya kitu ambacho sikuwa nimekifikiria kabisa. Alisukuma b4 na kunipa askari. Yaani kile alichokula alinirudishia kwa hiari, na kwa kunirudishia akafungua njia ya b moja kwa moja mpaka kwa mfalme wangu. Nilikula nikifurahi. Dakika ishirini baadaye nilikuwa nje chini ya mti.

Kwa hiyo uliza pia: mpinzani akirudisha askari kwa wakati wake, nani anabaki na ubao mzuri? Gambiti inayoishi kwa matumaini kwamba mpinzani atakuwa bahili haijapimwa. Albin yenyewe sitaiita takataka. Askari wa d4 anamkera Mweupe kwa kweli, na Alexander Morozevich aliicheza dhidi ya wakubwa. Ila inamtaka mtu anayejua kumtunza huyo askari, maana akiachwa peke yake anageuka kuwa kitoweo.

Sasa simu yako, ambayo ndiyo iliyokuingiza kwenye haya, itumie vizuri. Fungua Lichess, tovuti ya sataranji isiyo na malipo, weka hatua za gambiti unayotaka kuipima, kisha washa injini ya Stockfish, programu inayopima nani yuko mbele ubaoni. Ubao ukiwa haujaguswa, injini humpa Mweupe namba ndogo, kama 0.2 au 0.4 hivi, kwa sababu ya kuanza. Hiyo ndiyo ada ya kuwa Mweusi. Tangu toleo la 15.1 la mwaka 2022, namba 1.00 imewekwa iwe na maana kwamba injini ikicheza na mwenzake, uwezekano wa kushinda kutoka pale ni nusu. Kwa hiyo gambiti inayokaa chini ya 0.5 bado ni ya kuheshimiwa. Ikisogea kwenye 0.7 nataka kuona sababu nzuri sana, ikivuka 1.00, askari umemtupa. Baada ya farasi c3 ya yule mzee, yako imevuka.

Ila usiishie kwenye namba. Benko nayo injini haiipendi sana, na bado ni ngumu kwa binadamu kucheza dhidi yake kwa saa tatu. Kinachonishughulisha ni njia ya Mweupe kufika kwenye hiyo namba. Je, anahitaji kupata hatua tano ngumu mfululizo, kila moja ya pekee, akikosa moja anazama? Basi gambiti ina maisha hata kama injini inanuna. Au anahitaji tu kutoa farasi c3, hatua ambayo mtoto anayefundishwa kutoa farasi kabla ya mengine angeicheza bila kuijua? Hapo ndipo Englund inapofia. Dawa yake haihitaji kusomwa. Mtu anaipata kwa adabu ya kawaida ya kutoa kete.

Kwenye Lichess hiyo hiyo kuna sehemu ya hazina ya michezo inayoonyesha kila hatua imeshinda mara ngapi. Wengi huisoma kwa ujumla wake wakadanganyika. Ichuje. Toa michezo ya dakika chache, weka ile ya muda mrefu, weka wachezaji wenye kiwango cha juu kuliko chako, halafu tazama matokeo ya Mweusi yanavyobadilika. Kama kadiri wachezaji wanavyokuwa bora ndivyo Mweusi anavyozidi kuporomoka, umepata jibu: gambiti inakula wasiojua.

Sasa mashindano yako. Kwa dakika 60, Englund iache nyumbani. Kwenye michezo ya dakika 3 na marafiki endelea nayo, haina dhambi, inakufundisha kuona mati. Kama roho yako inapenda ile e5 ya kumshtua Mweupe, chukua Budapest, ujifunze vizuri njia ya askofu f4 niliyokuonyesha, ikiwemo kukaa upande wa Mweusi baada ya maaskofu wawili kubaki kwa mwenzako, maana huko ndiko utakakokaa muda mwingi. Lakini nakutahadharisha jambo ambalo limewakwaza wanafunzi wangu: Budapest inamtegemea Mweupe acheze c4 hatua ya pili. Siku hizi wachezaji wengi wa kawaida wanacheza mfumo wa London, yaani d4, farasi f3, askofu f4, na c4 huioni kabisa. Hapo e5 yako haipo, usiilazimishe. Uwe na mpangilio wa kawaida mkononi: d5, e6 au c5, farasi nje, mfalme mafichoni. Si wa kusisimua, ila utakulinda mpaka katikati ya mchezo ambako kijana mwenye macho ya mitego kama wewe atapata nafasi yake.

Na wiki hii, kabla hujasoma kitu kingine, nenda kwa yule mzee wa Area C. Mwombe mrudie ule mchezo kuanzia pale ulipokula b2, lakini mgeuze ubao: yeye awe Mweusi, wewe uwe Mweupe, na hatua yako ya kwanza iwe farasi c3. Cheza nusu saa bila kuangalia simu. Mtazame anavyohangaika na yule malkia wa a5, na andika kila hatua yake kwenye daftari.